Mwenye nyumba yuko Muscat, mpangaji yuko Mshomoroni: namna ya kupatana kwa mtandao

Nyumba nyingi za kupanga Mombasa zina wenyewe wasioonekana. Mmoja yuko Muscat au Dubai kikazi, mwingine alihamia Uingereza na wanawe, na hata yule anayeishi Tudor huenda akamaliza miezi hajakanyaga Kisauni. Anayeonekana ni keateka wa langoni, au ajenti mwenye ofisi ya chumba kimoja mjini. Kodi inatumwa kwa M-Pesa, malalamiko yanatumwa kwa WhatsApp, na bomba likipasuka picha yake hupita simu tatu kabla fundi hajaitwa. Ndiyo maana mtu akipendekeza kwamba mizozo ya nyumba itatuliwe mtandaoni, hashauri jambo geni. Ugomvi wenyewe uko huko tayari. Kinachokosekana ni utaratibu: nani azungumze, juu ya nini, kwa muda gani, na makubaliano yaandikwe wapi.

Kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni majadiliano, ambapo mpangaji na mwenye nyumba wanazungumza wenyewe. La pili ni upatanishi, ambapo anaingia mtu wa tatu asiye na upande. Huyu anasikiliza, anauliza, anapanga hoja, lakini hana mamlaka ya kumlazimisha mtu yeyote. La tatu ni uamuzi: hakimu au jopo linasikiliza pande zote na kusema nani alipe nini, upende usipende. Mtandao unaweza kubeba yote matatu. Anayedhani mpatanishi ni hakimu wa kwenye simu hukasirika anapoona hapewi hukumu, na anayedhani agizo la hakimu ni ushauri tu hujikuta na madalali mlangoni.

Chimbuko la kupatanisha watu kwa kompyuta liko kwenye biashara. Mwaka 1999 kampuni ya mnada ya eBay iliwaomba wataalamu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts wajaribu kupatanisha wanunuzi na wauzaji waliokuwa wakigombana, na mpatanishi mmoja akashughulikia migogoro kama 200 kwa barua pepe tu. Baadaye kampuni hiyo ilijenga mfumo uliokuwa ukipitisha zaidi ya migogoro milioni 60 kwa mwaka, mingi ikimalizwa na wahusika wenyewe kwa kujibu maswali yaliyopangwa vizuri. Uholanzi ilipeleka wazo hilo kwenye talaka na mizozo ya nyumba kupitia mfumo ulioitwa Rechtwijzer, ambao ulifungwa mwaka 2017 kwa kuwa watumiaji waliolipa hawakutosha kuuendesha. Mji wa Philadelphia, Marekani, ulifuata njia nyingine. Tangu wakati wa korona mwaka 2020, mwenye nyumba anayetaka kumshtaki mpangaji kwa sababu ya kodi hutakiwa kwanza kupitia upatanishi, ambao mara nyingi hufanyika kwa simu au video. Naona funzo la Philadelphia ndilo kubwa kwetu. Hapo upatanishi una kituo chake njiani kuelekea mahakamani, na mwenye nyumba hawezi kukiruka.

Kenya haiko nyuma kama inavyodhaniwa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 159, inaitaka mahakama ikuze upatanishi na njia za jadi za kusuluhisha. Upatanishi unaosimamiwa na mahakama ulianza kwa majaribio katika mahakama za Milimani, Nairobi, mwaka 2016, kisha ukaenea nje ya Nairobi, Mombasa ikiwemo. Korona ilipofunga milango ya mahakama mwaka 2020, kesi zikaanza kusikilizwa kwa video, na mwezi Machi 2024 Jaji Mkuu Martha Koome akazindua uwasilishaji wa kesi kwa mtandao nchi nzima. Mpangaji wa Likoni anaweza leo kuhudhuria kikao bila kuvuka feri.

Nyumba yako iko chini ya sheria ipi?

Hapa ndipo penye fundo, na ndipo wengi wanapopotea kabla hata hawajaandika ujumbe wa kwanza. Kenya haina sheria moja ya wapangaji wote, na nguvu yako kwenye mazungumzo inategemea sheria inayokuhusu iwapo mazungumzo yatavunjika.

Ukiwa umepanga nyumba ya kuishi ambayo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, unalindwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296. Una jopo lako maalumu, na mwenye nyumba hawezi kukutoa bila amri. Tatizo ni kwamba kiwango hicho ni cha zamani mno. Vyumba vya kodi hiyo bado vinapatikana kwenye mitaa ya udongo na mabati, lakini vinaadimika, na familia ambazo sheria ilikusudia kuzilinda sasa zinalipa mara mbili au tatu ya hapo. Kwa maoni yangu hili ni pengo la aibu, na Bunge limekaa nalo muda mrefu kupita kiasi.

Ukiwa na duka, mgahawa, saluni au ghala la jumla, mambo yanabadilika kabisa. Sheria ya mwaka 1965, Sura ya 301, inamlinda mpangaji wa biashara asiye na mkataba wa maandishi, na hata mwenye mkataba wa maandishi usiozidi miaka mitano. Mwenye jengo akitaka kupandisha kodi au kukuondoa, lazima akupe notisi ya fomu maalumu, ya miezi miwili au zaidi. Ujumbe wa WhatsApp unaosema “kuanzia mwezi ujao ni elfu thelathini” hauna uzito wa notisi hiyo.

Waliobaki, yaani wapangaji wa nyumba za kuishi wanaolipa zaidi ya 2,500, na hawa ndio wengi Bamburi, Mikindani, Nyali na kwingineko, hawana jopo lao. Wanategemea mkataba walioandikiana, Sheria ya Ardhi ya 2012 na mahakama za kawaida. Kwa anayelipa mwezi kwa mwezi, notisi ya kuhama haipaswi kupungua mwezi mmoja. Madai ya pesa yasiyozidi shilingi milioni moja yanaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60, na pesa zako zilizoshikwa na mtu ni miongoni mwa madai inayosikiliza. Mahakama hiyo haigusi mzozo wa nani akae kwenye nyumba. Kwa hiyo ukidai dipoziti, una mlango. Ukipinga kutolewa, mlango ni mwingine: mahakama ya hakimu au Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Wapo watakaouliza kuhusu Kadhi. Mahakama ya Kadhi inashughulikia ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu kwa Waislamu. Kodi ya nyumba haimo. Sheikh wa msikiti anaweza kuwapatanisha kwa heshima yake, na wengi hufanya hivyo kwa ikhlasi, lakini hilo ni jambo la hiari.

Mazungumzo hayasimamishi saa

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu ndipo watu wema wanapoumia. Tuseme una duka Majengo. Mwenye jengo amekupa notisi halali ya miezi miwili kwamba kodi itapanda. Unampigia, naye anakujibu kwa upole: “Usiwe na wasiwasi ndugu yangu, tutaongea.” Mnaongea kweli. Anasafiri, anarudi, mnatumiana sauti za WhatsApp, anakwambia subiri nimuulize kaka yangu. Siku zinakwenda. Miezi miwili inakatika, nawe hujawasilisha pingamizi kwenye jopo la wapangaji wa biashara kwa sababu hukutaka kuonekana mtu wa kesi. Kisheria, notisi isiyopingwa kabla ya tarehe yake inaanza kufanya kazi. Upole wote ule wa kwenye simu haukuongeza hata siku moja.

Ukipeleka pingamizi mapema, notisi inasimama mpaka jopo liamue, na hakuna kinachowazuia kuendelea kuzungumza. Mwambie wazi: “Bwana, nimepeleka pingamizi ili tarehe isinipite. Mlango wa kuongea uko wazi, nami ningependelea tuyamalize sisi wenyewe.” Mwenye jengo muungwana ataelewa. Asiyeelewa amekuonyesha mapema kwamba ulihitaji pingamizi hilo.

Kikao chenyewe

Tuchukue mfano wa dipoziti, maana hakuna mzozo unaojirudia zaidi ya huo. Mama mmoja amekaa miaka minne kwenye chumba na sebule Mshomoroni kwa kodi ya 12,000, na dipoziti yake ilikuwa 12,000. Anahama. Ajenti anamwambia atarudishiwa 2,000 tu: rangi 6,500, sinki 2,000, kufuli la mlango 1,500. Mama anaona ameibiwa. Mwenye nyumba, ambaye naye ni mjane aliyerithi vyumba sita na hana kipato kingine, anaona wapangaji humharibia mali na kuondoka.

Majadiliano mema huanza na ujumbe mmoja uliotulia, wenye salamu, tarehe, kiasi na ombi. Kwa mfano: “Shikamoo mama. Ni mimi niliyehama nyumba ya nyuma tarehe 30. Dipoziti yangu ilikuwa 12,000, risiti naiambatanisha. Ajenti amenieleza atakata 10,000. Naomba nione risiti za fundi, na kama hatutaelewana, naomba tumtafute mtu wa kutupatanisha kabla ya wiki mbili kwisha.” Ujumbe huu haumtukani mtu, unataja hesabu, na unaweka muda. Ukisomwa na hakimu miezi sita baadaye, unamheshimisha aliyeuandika. Linganisha na sauti ya dakika nne iliyorekodiwa usiku mtu akiwa na hasira.

Wasipoelewana, anatafutwa mpatanishi. Anaweza kuwa aliyeidhinishwa na kamati ya kitaifa ya wapatanishi iliyo chini ya Mahakama, au, kwa pesa ndogo kama hizi, mzee wa mtaa au mtu mwingine ambaye wote wawili wanamwamini. Asiwe ajenti. Ajenti analipwa na upande mmoja, na kumkalisha katikati ni kumwonea hata yeye mwenyewe.

Kikao cha video hakihitaji zaidi ya saa moja au mbili. Mpatanishi huanza kwa masharti: kila mmoja atasema bila kukatwa, hakuna kurekodi, hakuna mtu aliyejificha nyuma ya simu, na yatakayosemwa hapa hayatapelekwa mahakamani kama ushahidi. Sharti hilo la mwisho ndilo linalompa mtu ujasiri wa kusema “kweli, sinki lilivunjwa na mwanangu” bila hofu ya kufungwa na neno lake. Kisha mpatanishi huzungumza na kila mmoja peke yake, ama kwa chumba cha pembeni ndani ya programu ya video, ama kwa kumpigia simu ya kawaida. Kwa uzoefu wa pwani, sehemu hii ina faida kubwa. Mtu mzima wa Mombasa hataki kuonekana anashuka mbele ya mwenziwe. Akiwa peke yake na mpatanishi, hutaja kiasi anachoweza kukubali.

Swali moja zuri linaweza kufungua mzozo huu: rangi ilipakwa lini? Ikiwa ilipakwa kabla mama hajaingia, basi ina zaidi ya miaka minne, na ukuta wa Mshomoroni unapigwa na hewa ya chumvi mchana na usiku. Rangi hiyo imechakaa kwa umri, na uchakavu wa kawaida si deni la mpangaji. Sinki na kufuli ni jambo jingine. Mama anakubali 3,500, mwenye nyumba anakubali kurudisha 8,500, na kwa kuwa hana zote mkononi atatuma 4,500 tarehe 5 na 4,000 tarehe 20.

Ushahidi wa mazungumzo haya hukusanywa siku ya kuingia, wala si siku ya kutoka. Piga picha kila ukuta, kila bomba, mita ya maji na tokeni za stima, uzitume kwa mwenye nyumba siku ileile ili zibaki na tarehe kwenye simu zote mbili. Lipa kwa M-Pesa kwa nambari iliyoandikwa kwenye mkataba. Ukimpa keateka pesa taslimu bila risiti, umemfanya yeye ndiye daftari lako. Zima ile mipangilio ya ujumbe kujifuta wenyewe. Na usitegemee picha ya skrini peke yake: mambo yakifika mahakamani, Sheria ya Ushahidi inataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza ulitolewa kwenye kifaa gani na namna gani, kwa hiyo simu yenye ujumbe wa asili itunzwe.

Makubaliano yakipatikana, yaandikwe kabla ya kuagana. “Atalipa kidogo kidogo” ni maneno ya kuahirisha ugomvi. Andikeni kiasi, tarehe, nambari ya kupokelea, nini kitatokea malipo yakikosekana, na kwamba baada ya malipo ya mwisho hakuna anayemdai mwenziwe. Andikeni kwa Kiswahili kama ndicho mnachokielewa wote. Saini ya kielektroniki inatambuliwa na sheria zetu, hasa baada ya marekebisho ya 2020. Makubaliano yaliyofikiwa kwa msaada wa mpatanishi mwenye sifa yanaweza kusajiliwa mahakamani na kutekelezwa kama amri, kwa mujibu wa kifungu cha 59D cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai. Ya mzee wa mtaa hayana njia hiyo ya mkato, lakini yanabaki kuwa mkataba ambao unaweza kuushtakia.

Pale ambapo hufai kusubiri mpatanishi

Mwenye nyumba akikuwekea kufuli usiku ukiwa na watoto nje, akitoa mlango au kuezua mabati ili uhame mwenyewe, hilo halisubiri kikao cha wiki ijayo. Hana ruhusa ya kukutoa kwa mikono yake, wala ya kuchukua friji yako kwa sababu ya kodi. Kukamata mali kwa ajili ya kodi kuna sheria yake, na hufanywa na dalali mwenye leseni kwa kutoa notisi kwanza. Nenda kituo cha polisi ukaandikishe tukio, kisha utafute amri ya mahakama au jopo. Upatanishi utakuja baadaye, mlango ukishafunguliwa.

Vilevile, mwenye nyumba akibandika picha yako na kitambulisho chako kwenye kundi la mtaa kama mdaiwa sugu, unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data chini ya sheria ya 2019. Deni la kodi halimpi mtu haki ya kuanika uso wako.

Na kuna mizozo ambayo simu huipotosha. Mzee asiyesoma, anayetegemea mjukuu kumshikia simu, anaweza kukubali jambo kwa sababu mjukuu anaharakisha. Mpatanishi mzuri hugundua, na huhamisha kikao kiwe cha ana kwa ana. Mwenye nyumba naye ana haki ya kuogopa hasara: mpangaji anayejiunga na kikao, akakubali kila kitu, kisha akabadilisha laini, anamla mjane yule kodi ya miezi. Ndiyo maana awamu ya kwanza ya malipo inafaa ifanyike siku hiyohiyo ya kikao, kabla video haijazimwa.

Mwenye nyumba ni nani hasa?

Mombasa ina fundo lake la ziada. Maelfu ya nyumba za mji huu zimesimama juu ya ardhi ya mtu mwingine. Tunaziita nyumba bila ardhi: mwenye nyumba anamiliki kuta na paa, na analipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi, wakati mpangaji wa ndani anamlipa yeye kodi ya chumba. Viwanja vingine ni vya wakfu, vikisimamiwa na Tume ya Wakf. Mwenye ardhi akitaka kiwanja chake, mpangaji wa chumba anaweza kuwa amepatana vizuri kabisa na mtu ambaye hana uwezo wa kumhakikishia kubaki hapo.

Kisha kuna warithi. Mzee amefariki, mirathi haijagawanywa, na mpangaji anapokea nambari tatu za M-Pesa kutoka kwa ndugu watatu, kila mmoja akisema kodi ni yake. Akimlipa mmoja, wawili wanamwita mdaiwa. Hapa mpangaji asichague upande. Awaandikie wote watatu ujumbe mmoja, kwamba kodi ipo, ataiweka kando mwezi kwa mwezi, na ataituma mara watakapompa nambari moja iliyosainiwa na wote au barua ya msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Ujumbe huo autume tarehe ileile anayopaswa kulipa, na taarifa ya akaunti inayoonyesha pesa zimewekwa aiambatanishe. Mpatanishi akiitwa, awaalike warithi wote kwenye kikao kimoja, aliye Muscat na aliye Kibokoni, na asianze kuzungumzia kodi mpaka wote wawe wameingia.